Laana ya Hamu na mahakama za Marekani

"Mtu mweusi alilaaniwa tangu enzi za Nuhu." Maneno haya bado yanasemwa, hata na Waafrika wenyewe, na kila nikiyasikia yananiuma.

Ukweli: Fungua Mwanzo 9:25. Nuhu anasema, "Na alaaniwe Kanaani." Hamu, mwana wa Nuhu anayedaiwa kuwa baba wa watu weusi, hakulaaniwa. Sura ya 10 inamtaja Kanaani kuwa mmoja tu wa wana wanne wa Hamu. Mwingine ni Kushi, anayehusishwa na nchi za watu weusi kusini mwa Misri, naye hakuguswa. Rangi ya ngozi haitajwi kabisa. Hayo yaliongezwa na watu baadaye, na waliotetea utumwa kusini mwa Marekani wakayatumia.

"Mafundisho kama hayo yalikuwa mahubiri tu, hayakufika mahakamani."

Yalifika. Julai 1958, usiku, sherifu huko Virginia aliingia chumbani walimolala Richard Loving, mzungu, na mkewe Mildred, mwenye asili ya Kiafrika. Sheria ya jimbo hilo ilikataza ndoa kama yao. Cheti cha ndoa kilikuwa kimetundikwa ukutani. Hakikuwasaidia. Mwaka 1959 walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kikasimamishwa kwa sharti la kuhama jimbo hilo kwa miaka 25. Mwaka 1965 Jaji Leon Bazile alikataa kuifuta hukumu hiyo, akaandika kwamba Mungu Mwenyezi aliwaweka watu wa kila rangi katika bara lao, hivyo hakukusudia wachanganyike. Waafrika hawakwenda Virginia kwa hiari. Walipelekwa kwa minyororo.

Watetezi wa ubaguzi walizoea kushikilia Matendo 17:26, pale penye "mipaka ya makazi yao". Mwanzo wa aya hiyohiyo unasema kila taifa limetoka "katika mmoja". Na katika Hesabu 12, Miriamu alipomnung'unikia Musa kwa kuoa mwanamke Mkushi, aliyepigwa ukoma ni Miriamu.

"Sheria hizo ziliangushwa na watu wasioamini."

Si kweli. Huko California, Andrea Perez na Sylvester Davis, wote Wakatoliki, walidai kwamba sheria ya kukataza ndoa za watu wa rangi tofauti inawazuia kupata sakramenti ambayo Kanisa lao haliwanyimi. Mwaka 1948 walishinda katika Mahakama Kuu ya California kwa kura 4 dhidi ya 3. Kesi ya akina Loving ilipofika Mahakama Kuu ya Marekani, maaskofu Wakatoliki waliandika kuwaunga mkono. Juni 12, 1967, majaji wote 9 waliifuta sheria ya Virginia, na pamoja nayo zile za majimbo mengine 15. Akina Loving wakarudi kuishi kwao bila kujificha.