Kaboni iliyofichika: moshi usioandikwa kwenye risiti

Ukinunua televisheni pale Luthuli Avenue, unaondoka na sanduku, rimoti na risiti. Kitu kimoja mwenye duka hakupi, maana hata yeye hajawahi kukiona: moshi wa makaa ya mawe yaliyochomwa China kuendesha kiwanda, wa meli iliyoleta sanduku hadi Mombasa, na wa lori lililopanda nalo hadi Nairobi. Jumla ya moshi huo ndiyo kaboni iliyofichika ndani ya bidhaa.

Sasa, unaandikwa kwenye daftari la nani? Kwa utaratibu wa Umoja wa Mataifa, kila nchi huhesabu gesi joto, yaani zile zinazoongeza joto la dunia, zinazotoka ndani ya mipaka yake. Moshi wa kiwanda ni wa China, ingawa mpira wa Gor Mahia unautazama wewe mtaani Umoja, Nairobi. Ndiyo maana nchi tajiri inaweza kufunga viwanda vyake, ikaagiza bidhaa zilezile kutoka nje, kisha ikajisifu kwamba imepunguza uchafuzi. Meli na ndege za kimataifa ndizo zimeponyoka kabisa. Itifaki ya Kyoto ya 1997 iliziachia mashirika ya kimataifa ya usafiri, na hadi leo moshi wake haujumlishwi kwenye hesabu ya nchi yoyote. Usafiri wa meli pekee hutoa karibu asilimia 3 ya gesi hizo duniani.

Hapo mtu husema: basi tuache kununua vya mbali. Polepole. Mwaka 2007 maduka makubwa ya Uingereza yalianza kubandika picha ya ndege kwenye mazao yaliyosafirishwa kwa anga, na wakulima wetu wakaonekana wachafuzi. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield walilinganisha waridi 12,000 za Kenya na idadi hiyohiyo za Uholanzi. Za Kenya, pamoja na safari ya ndege, zilitoa takriban kilo 2,200 za kaboni dioksidi. Za Uholanzi, kilo 35,000. Naivasha, yanakolimwa maua ya Kenya, kuna jua la bure, ilhali Uholanzi vibanda vya maua hupashwa joto kwa nishati ya kununua. Kwa maoni yangu kile kibandiko kilikuwa uonevu. (Maji ya Ziwa Naivasha ni hesabu nyingine, na haimo kwenye kilo hizo.)

Kwa hiyo umbali si kipimo cha kutosha. Uliza nishati iliyotumika, kisha uliza nani analipa. Umoja wa Ulaya umeamua kutoza kaboni ya chuma, saruji, alumini na mbolea zinazoingia kwake tangu Januari 2026. Wazo si baya, ila anayetoza ndiye anayepokea. Viongozi wa Afrika waliokutana ukumbi wa KICC, Nairobi, Septemba 2023 walitaka kitu tofauti: kodi ya kaboni ya dunia nzima, itakayogusa biashara ya mafuta, meli na ndege.

Njia ya Fairtrade, nembo ya biashara ya haki, hutazama upande wa mfanyakazi. Kwenye maua, mnunuzi huongeza asilimia 10 juu ya bei, na wafanyakazi wa shamba ndio huamua pesa hizo ziende kwenye karo au kwingine. Ni haki, lakini yenyewe haipunguzi moshi.

Mimi natazama zaidi viwandani. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Pamba ikisokotwa na kufumwa hapa kwa umeme wa mvuke wa Olkaria, shati litabeba moshi mdogo, na mshahara wa kufuma utabaki hapa. Kwa sasa vitambaa vingi hushuka Mombasa kutoka Asia, hushonwa viwandani Athi River, hurudi bandarini na kwenda Marekani. Likishavaliwa na kuchokwa huko, shati hilo huenda ukalikuta soko la mitumba la Gikomba.