Jina lako kwenye rekodi za chuo: tunayoambiana na yalivyo khasa

Mdogo wangu alimaliza chuo Unguja akiwa na jina ambalo nyumbani kwetu Micheweni hakuna anayemwitia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija. Kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Khadija. Cheti cha shahada kinasema Hadija. Imepotea herufi moja tu, ile K ya mwanzo, na kwa ajili yake alimaliza karibu mwaka mzima akipanda boti Mkoani, akishuka Malindi, akirudi na bahasha ileile kifuani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza mara nyingi, na kilichoniuma zaidi ni ushauri aliokuwa akipewa. Kila tuliyekutana naye alikuwa na la kumwambia, tangu barazani hadi ndani ya daladala, na kila mmoja alisema kwa uhakika. Mengi hayakuwa kweli. Nayaweka hapa moja moja, kwa sababu najua wapo vijana wengine wanaozunguka na bahasha kama ile.

"Chuo kimenikosea jina, basi chuo ndicho kitakachonirekebishia."

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyotupotezea miezi ya mwanzo. Tulikwenda chuoni tukiwa tumekasirika. Mama wa ofisi ya udahili akatusikiliza mpaka mwisho, akafungua kompyuta, akamgeuzia mdogo wangu kioo: "Mwanangu, tizama. Sisi hatukuliandika jina hili. Tumelipokea."

Ukweli wenyewe ni huu. Anayeomba chuo kikuu nchini, iwe SUZA, Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, Sumait pale Chukwani au chuo chochote cha bara, anajaza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Mfumo wa udahili unaichukua namba hiyo na kulivuta jina kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Wala hupewi nafasi ya kuliandika unavyotaka wewe. Jina lililomo kwenye cheti cha kidato cha nne ndilo litakalokaa kwenye kitambulisho cha chuo, kwenye matokeo ya kila muhula, kwenye transkripti, na mwisho kwenye cheti cha shahada. Baraza nalo lililipata wapi? Skuli, wakati wa kusajili watahiniwa. Na skuli ililipata kwenye daftari la mahudhurio, ambalo pengine maalim wa darasa la kwanza aliliandika kwa kusikia tu, asubuhi ya siku ya kwanza, watoto sitini wakilia.

Sisi wa visiwani tuna jambo la ziada ambalo wenzetu wa bara hawalioni. Jina la Mzanzibari linapita kwenye mikono ya serikali mbili. Kuzaliwa kwake kunasajiliwa hapa hapa, siku hizi na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na ndio unaotoa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Lakini Baraza la Mitihani la Taifa na elimu ya juu ni mambo ya Muungano, yamo kwenye orodha ya Katiba ya 1977. Kitambulisho cha Taifa cha NIDA nacho kina njia yake. Basi mtoto mmoja anaweza kuwa Ali huku na Ally kule, Omar huku na Omari kule, Khamis akageuka Hamisi, Fatma akawa Fatuma. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja ameandika alivyozoea kuandika kwao.

Yapo, hata hivyo, makosa ambayo ni ya chuo kweli. Cheti cha kidato cha nne kimesema Makame, orodha ya wahitimu imesema Makama. Au majina matatu yamepinduliwa, la babu likaja mbele. Hayo yana wepesi wake: barua kwa msajili wa chuo, nakala ya cheti cha kidato cha nne, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na ushahidi wa ukurasa wenye kosa. Hapo unachodai ni rekodi ifanane na chanzo chake. Hilo ni sahihisho. Kutaka rekodi iachane na chanzo chake ni badiliko, na njia yake ni nyingine kabisa. Ukiingia ofisini ukiwa hujui unaomba lipi kati ya hayo mawili, utazungushwa, na wala si kwa ukatili wa mtu.

"Herufi moja si kitu. Watu wataelewa."

Watu wataelewa, ndiyo. Sheha wako, yule kiongozi wa serikali mtaani kwenu, anaelewa, jirani anaelewa, mwalimu wako anaelewa. Anayelinganisha majina siku hizi si mtu. Unaomba mkopo, unaomba kazi kwenye mfumo wa ajira, unataka pasi ya kusafiria, na kila mahali namba yako ya kitambulisho inaleta jina moja na cheti kinaleta jingine. Kwa mashine, Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu.

Na hata pale anapokaa binadamu, amefundishwa kutilia shaka. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyowataja watumishi 9,932 wa umma wenye vyeti vya kughushi. Zoezi lile lilikuwa la bara, lakini maafisa utumishi wa pande zote mbili walijifunza kutazama jina kabla ya kutazama alama. Kijana mwenye cheti halali kabisa anajikuta anasimama mahali palepale alipokuwa akisimama mwenye cheti cha mtu mwingine, na ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kuwa si mwongo. Nalisema hili kwa uchungu, maana nilimwona mdogo wangu akiulizwa swali hilo, naye alisoma kwa taa ya chemli.

"Nenda kwa wakili, kula kiapo, yamekwisha."

Kiapo kina kazi, tena kubwa, lakini si kazi wanayokisifia watu. Kiapo cha majina ni tamko lako mbele ya kamishna wa viapo kwamba Khadija wa kitambulisho na Hadija wa cheti ni mtu mmoja. Kinaunganisha majina mawili. Hakifuti lolote. Ukikipeleka chuoni, hakiilazimishi ofisi kuchapa cheti kipya, na ukikipeleka kwa mwajiri, ni hiari yake kukipokea au kukuomba zaidi. Wengi hukipokea, khasa tofauti ikiwa ni ya tahajia na tarehe ya kuzaliwa inafanana kila mahali. Mdogo wangu mwenyewe alivuka kwa kiapo pamoja na barua ya sheha.

Hati ya kubadili jina ni kitu kingine. Hiyo ni ya mtu anayeliacha jina la zamani na kuchukua jipya, na ili iwe na nguvu lazima isajiliwe kwa msajili wa nyaraka, si kubaki karatasi ya wakili mezani. Nayo inaanzia pale ilipoandikwa, inakwenda mbele. Cheti cha kidato cha nne ulichopata kwa jina la zamani hakigeuki kwa sababu umesajili hati leo. Kinabaki kama kilivyo, na hati inakaa pembeni yake kueleza yaliyotokea. Kwa hiyo yule anayedhani kubadili jina akiwa mwaka wa pili kutamletea shahada yenye jina jipya na vyeti vya skuli vya kufanana nayo, anajitafutia mlolongo mrefu kuliko aliokuwa nao. Vyuo vingi nchini vinataka wazi katika kanuni zao kwamba mwanafunzi atumie jina la vyeti alivyoingilia, na ombi la kulibadili katikati ya masomo halikubaliwi kwa wepesi. Soma kanuni za chuo chako kabla hujalipa wakili.

"Nimeolewa, lazima jina libadilike."

Si lazima, wala kwetu si desturi. Mwanamke wa Unguja na Pemba hubaki na jina la baba yake na la babu yake hadi kaburini, na Waislamu wanaisoma katika Suratul Ahzab, aya ya 5: waiteni kwa baba zao. Fomu za kigeni zikikuuliza jina la mume, hazikulazimishi kuliweka mahali pa jina la baba. Aliyesilimu akiwa chuoni naye hana haja ya kukimbilia kwa msajili. Jina la Kiislamu anaweza kuitwa, na rekodi zake zikabaki zilivyo.

"Nitasema siku ya mahafali ikikaribia."

Hapana. Sema sasa. Wiki ya usajili wa mwaka wa kwanza ndiyo wiki ya kulitazama jina, herufi kwa herufi, kwenye mfumo na kwenye kitambulisho cha chuo. Orodha ya wahitimu ikishapita kwenye seneti na vyeti vikishachapwa, kila sahihisho linakuwa shauri la vikao. Chuo kikitoa orodha ya muda ya wahitimu kabla ya mahafali, kimeitoa ili uisome. Wengi wanaitafuta kuona kama wamo, wakishajiona wanafunga.

"Yupo mtu pale ndani anaweza kukurekebishia."

Tuliambiwa hivi mara mbili, na mara ya pili tukatajiwa bei. Kuingiza mkono kwenye rekodi bila idhini ni jinai, na anayepokea cheti kilichochezewa anabeba kosa pamoja na aliyekichezea. Isitoshe, jina likibadilishwa chuoni kwa mlango wa nyuma, linabaki lilivyo kwenye Baraza, na siku ya uhakiki ndipo unapozaliwa utata ambao kiapo hakitauunganisha tena.

"Jina la ukoo ni lile la mwisho, basi niweke la ukoo."

Hapa wanaumia zaidi vijana waliosoma Muscat au Dubai wakarudi. Kule wameandikwa na nasaba, Al fulani, na huku wanajulikana kwa majina matatu: lake, la baba, la babu. Vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa Baraza la Mitihani kulinganishwa, na vya vyuo vikuu hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu. Jina litakalopita hapo ndilo litakaloingia chuoni, kwa hiyo ulinganishe na pasi yako kabla ya kupeleka, si baada. Na kwa anayekwenda kinyume, kutoka hapa kwenda kutafuta kazi Uarabuni, ajue kwamba cheti na pasi vitawekwa mezani pamoja. Pasi ni rahisi kuiombea marekebisho ifanane na cheti kuliko cheti kukiombea marekebisho kifanane na pasi.

Hilo la mwisho ndilo lililotufungua macho nyumbani. Ukikuta kosa liko kwenye cheti cha kidato cha nne, na cheti kimeshatoka, jiulize kwanza ni karatasi ipi kati ya ulizonazo inayoweza kusogea. Mara nyingi vitambulisho husogea, kwa kufuata utaratibu wa wakala na kuanzia kwa sheha. Cheti cha mtihani hakisogei kwa urahisi. Lakini ikiwa mtoto bado yuko kidato cha tatu au ndiyo anasajiliwa kwa mtihani, hakuna haja ya hesabu hizo zote. Kosa linarekebishwa kwa kalamu ya maalim, bure, asubuhi moja.

Mama yetu anasoma herufi za Kiarabu tu, hizi za Kirumi zinampa tabu. Mwaka jana, mdogo wetu wa mwisho alipoingia kidato cha nne, alikitoa cheti cha kuzaliwa kwenye sanduku, akakifunga kwenye kanga, akaenda nacho skuli kwa miguu. Akakaa mbele ya maalim, akamwomba asome jina kwenye fomu ya usajili taratibu, herufi moja moja, huku yeye akifuatisha kwa kidole kwenye cheti. Walipofika kwenye jina la babu wakakuta limeandikwa Hamadi. Kwetu ni Hamad. Maalim akaikata ile herufi ya mwisho, mama akashukuru, akarudi kuwahi jua.