Mradi wa mwaka wa mwisho usianzie sifuri

Ingia kwenye chumba cha kumbukumbu cha idara ya kompyuta ya chuo chochote hapa kwetu. Utakuta rafu zimesheheni ripoti za miradi ya mwaka wa mwisho, zimejaladiwa vizuri na jina la chuo limepigwa chapa ya dhahabu. Mfumo wa kusimamia maktaba. Mfumo wa kusajili wagonjwa. Mfumo wa kukusanya kodi za nyumba. Rudi nyuma miaka kumi, utaikuta mifumo hiyohiyo, imetengenezwa na wanafunzi wengine kwa lugha nyingine ya programu. Ni nadra kukuta hata mmoja unaotumika. CD iliyobandikwa nyuma ya ripoti siku hizi haina hata kompyuta ya kuisoma.

Nasimamia miradi ya aina hii, kwa hiyo sisemi kwa kejeli. Zamani utaratibu huu ulikuwa na mantiki: mwanafunzi akijenga mfumo mzima mwenyewe, kuanzia hifadhidata hadi skrini, msimamizi anajua kijana ameiva. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mantiki hiyo imeondoka. Mfumo wa maktaba sasa unapatikana kabla chai haijapoa. Wenzangu wengi wamejibu kwa kukaza ulinzi, wanatafuta programu za kuwanasa wanafunzi. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya polisi, siyo ya mwalimu. Swali lenyewe ni la zamani kuliko akili mnemba: kwa nini kila mwanafunzi aanze upya, kana kwamba hakuna aliyemtangulia?

Jibu ninaloliamini nimelipata kwa kufuatilia Masakhane. Mtandao huo ulianza 2019, ukiwakutanisha Waafrika waliotaka mashine za kutafsiri lugha zao. Wengi hawakuwa na maabara wala ruzuku. Wengine hawakuwa hata na shahada ya kompyuta. Moyo walikuwa nao, lakini moyo peke yake usingewafikisha mbali. Kilichosaidia ni kwamba palikuwa na daftari moja la programu lililokwisha kuandaliwa, linaloendeshwa bure mtandaoni kwenye kompyuta za Google, huduma iitwayo Google Colab. Mtu alibadilisha jina la lugha, akaweka data zake, akaendesha. Muunganisho ukikatika, na bila shaka ulikatika, aliendelea na alichokwisha kuhifadhi. Matokeo yakawekwa mahali pa pamoja, ili mtu mwingine wa Lagos au Nairobi aweze kuyarudia au kuyapinga.

Mwaka 2020 kikatoka chapisho la pamoja lenye waandishi zaidi ya 40. Mwaka 2021 ikaja MasakhaNER, data za kuifundisha mashine kutambua majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe ndani ya habari za magazeti. Lugha zilikuwa 10, miongoni mwake Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo. Mwaka uliofuata toleo la pili likafikisha lugha 20. Hakuna chuo kimoja Afrika ambacho kingeifanya kazi hiyo peke yake, hata kingekuwa na fedha, maana hakuna chuo chenye wazungumzaji wa lugha zote hizo.

Pamoja na sifa hizo, ushirikiano huo ulikuwa na ufa mahali pa hatari, nao ni chanzo cha data. Sehemu kubwa ya majaribio ya mwanzo ya kutafsiri ilitegemea mkusanyo ulioitwa JW300, yaani maandishi ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300. Kwa lugha nyingi za Afrika hayo ndiyo yaliyokuwa maandishi sambamba, yaani maandishi yaleyale katika lugha mbili, mengi kuliko yote yaliyopatikana. Modeli, yaani programu iliyojifunza kutokana na data, ikilelewa hivyo hujua vizuri kuhubiri, lakini iulize habari za bei ya unga au dalili za malaria, inayumba. Kisha mkusanyo huo ukaondolewa kwenye hazina ya wazi ulikokuwa ukipatikana, kwa sababu za hakimiliki. Aliyekuwa amejenga juu yake akabaki na matokeo ambayo mwanafunzi anayemfuata hawezi kuyarudia kihalali.

Linganisha na Makerere. Maabara ya akili mnemba ya chuo hicho ilitoa picha 21,367 za majani ya mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wa Uganda mashambani mwao. Wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao, wakaziainisha: magonjwa manne, yakiwemo batobato na michirizi kahawia, na kundi la tano la mimea yenye afya. Mwishoni mwa 2020 picha hizo zikawekwa Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, kama shindano, na maelfu ya timu kutoka duniani kote zikashindana kuzitambua. Modeli zilizoshinda leo hazizungumzwi sana. Picha bado zinatumika.

Na zinafundisha. Zaidi ya picha 13,000 kati ya hizo ni za batobato. Maana yake, programu mvivu inayojibu “batobato” kwa kila jani, bila hata kulitazama, inapata zaidi ya asilimia 60. Naupenda mfano huu kuliko sura nzima ya kitabu kuhusu vipimo vya usahihi. Mwanafunzi anayekuja kwangu na asilimia 65 akitabasamu, namwuliza swali moja tu, tabasamu linapotea, ndipo somo linaanza.

Sasa fikiria mwanafunzi anayetoka Mtwara, kwao mihogo ndiyo chakula. Akaenda likizo na simu yake ya kawaida, akapiga picha mia tatu kwenye mashamba ya kwao, kwa ridhaa ya wenyewe, akakaa na bwana shamba kuziainisha. Akarudi, akaijaribu modeli iliyofunzwa kwa picha za Uganda. Akaripoti inashindwa wapi: kwa aina gani ya mbegu, kwa mwanga gani, kwa simu gani. Huo ni utafiti. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanzia pale alipoishia wa kwanza, na mwingine wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, au wa Bujumbura anaongeza za kwao. ChatGPT haiwezi kwenda shambani Mtwara.

Kuna watakaosema tatizo letu ni mitambo. Ni kweli GPU, vichakato vya kufunzia modeli, ni ghali, bando ni ghali, na umeme hauna adabu. Lakini nyaya za baharini zimeshafika pwani yetu, SEACOM tangu 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na vyuo vina mitandao yake ya pamoja, KENET kwa Kenya na TERNET kwa Tanzania. Kuijaribu modeli iliyokwisha kufunzwa kunahitaji nguvu ndogo sana ukilinganisha na kuifunza upya. Tunaweza kuanza na kinachowezekana.

Ushirikiano unahitaji pia watu kukutana, na hapo suala la viza ni gumu zaidi kuliko la mitambo. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada wakashindwa kufika kwenye NeurIPS, mkutano mkubwa wa kimataifa wa akili mnemba, uliofanyika Montreal. Ndiyo maana ICLR, mkutano mwingine mkubwa wa aina hiyo, kufanyika Kigali mwaka 2023 lilikuwa jambo kubwa. Wanafunzi wa ukanda huu walipanda basi kwenda kuwasikiliza watu ambao hapo awali waliwajua kwa majina tu.

Kikwazo kikubwa, kwa kuwa nakijua kutoka ndani, ni sisi walimu. Kamati za kupandisha vyeo zinapenda chapisho lenye jina moja au mawili. Chapisho la waandishi 40 linatazamwa kwa shaka: wewe ulifanya nini hapo? Na kanuni za mitihani zinataka mradi uwe wa mwanafunzi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna tovuti ya ushirikiano itakayosaidia wakati kanuni hizo zinawaadhibu wanaoshirikiana.

Kinachowezekana bila kusubiri Seneti ya chuo ni kubadilisha namna tunavyotoa alama. Siku ya kuutetea mradi, mwanafunzi asionyeshe mfumo unaong’aa. Afungue historia ya kazi ya pamoja, aonyeshe alichoongeza, nani alikipinga na kwa hoja gani, alikirekebisha vipi. Kisha aeleze kipande kimoja kilichoandikwa na mtu mwingine, ambaye huenda hajawahi kukutana naye. Alama arobaini ziwe hapo. Thelathini ziende kwenye data alizokusanya na ridhaa za waliozitoa, na zilizobaki kwenye maelezo ambayo mwanafunzi wa mwaka ujao ataweza kuyafuata bila kumpigia simu.