Simba Aliyetengenezwa Unywele kwa Unywele

Muulize mtu aliyeitazama filamu ya Disney, The Lion King, ya mwaka 2019 tofauti yake na ile ya 1994, naye atakujibu bila kusita: ile ya zamani ni katuni, hii ni ya wanyama wa kweli. Kosa limeanzia hapo, na mengi yanayosemwa kuhusu filamu za aina hii yametokana nalo.

Dhana: Hizi si katuni tena.

Ni katuni, tena kuliko unavyodhani. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza mwenyewe kwamba filamu ina vipande 1,490 vilivyotengenezwa kwa kompyuta na kimoja tu kilichopigwa kwa kamera barani Afrika, yale mawio ya jua ya mwanzo kabisa. Alikichomeka kusudi aone kama kuna atakayegutuka. Baada ya hapo kila jani, kila punje ya vumbi na kila unywele wa simba ni kazi ya mafundi. Hata tuzo za Golden Globe ziliiteua katika kundi la filamu za katuni.

Favreau alikwisha fanya mchezo huohuo mwaka 2016 kwa The Jungle Book. Misitu ile ya India yote ilitoka studioni Los Angeles, na kijana Neel Sethi, aliyeigiza Mowgli, alikuwa akizungumza na dubu asiyekuwepo. Filamu ikachukua Oscar ya madoido ya picha.

Dhana: Kompyuta ndiyo inayofanya kazi, au waigizaji huvalishwa vihisio na mienendo yao ikahamishiwa kwa mnyama.

Mwili wa binadamu haumfai simba. Hatua za miguu miwili hazigeuki kuwa za minne. Katika filamu ya 2019 wahuishaji, yaani mafundi wanaozipa picha mwendo, waliuongoza wenyewe mwendo wa wanyama, pozi baada ya pozi, huku wakitazama picha za wanyama halisi. Chini ya manyoya kuna mifupa, juu ya mifupa misuli, juu ya misuli ngozi inayoteleza. Kompyuta hukokotoa mwanga na kivuli, lakini haijui simba mwenye huzuni hutembeaje. Hilo huamuliwa na mtu aliyekaa kitini, na pengine akalirudia mara nyingi kabla mwongozaji hajaridhika.

Dhana: Mnyama akifanana zaidi na wa kweli, ndivyo atakavyotugusa zaidi.

Hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu linasikika kama jambo la akili. Walipotengeneza Bambi, filamu ya ndama wa kulungu iliyotoka mwaka 1942, wachoraji wa Disney waliletewa ndama hai wa kulungu studioni wawachunguze. Walijua fika kulungu anafananaje. Hata hivyo mmoja wao, Marc Davis, alichukua sura za watoto wachanga wa binadamu akazitia kwenye uso wa ndama huyo. Uhalisia walikuwa nao mkononi, wakaamua wenyewe ni upi wauache.

Simba halisi huonyesha hasira na hofu, lakini kwa masikio, mkia na meno. Hakunji uso kwa kejeli wala hatabasamu kwa aibu. Ukishaahidi uhalisia, umejifunga kamba: mtoto wa simba aliyefiwa na baba analia kwa sauti ya mwigizaji huku uso wake ukiwa kama wa paka anayesubiri chakula. Nyimbo nazo zinaumia. Mwaka 1994, Simba, yule mtoto wa simba, alipoimba kwamba hawezi kungoja kuwa mfalme, dunia nzima iligeuka rangi na wanyama wakapandana kama mnara. Mwaka 2019 watoto wa simba wanakimbia tu kati ya wanyama kwenye maji. Na ule wimbo wa mapenzi, Can You Feel the Love Tonight, ambao jina lake lenyewe linataja usiku, unaimbwa jua likiwaka!

Dhana: Ni nakala tupu za filamu za zamani, na hakuna anayezitaka.

Katika The Lion King ya 2019 matukio mengi ya ile ya zamani yamefuatwa kweli, ingawa dakika 88 zimekuwa 118. Ama kutotakiwa, filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Mtu anaweza kulalamika na bado akakata tiketi. Mimi nilifanya yote mawili.

Dhana: Basi wanyama halisi hawatumiki tena.

Wanatumika, ila hawavutii maneno mengi. Mwaka huohuo wa 2019 Disney ilirudia filamu yake ya zamani, Lady and the Tramp, na wengi wa mbwa waliomo walikuwa mbwa wa kweli. Tramp aliigizwa na mbwa aitwaye Monte, aliyepatikana katika makazi ya mbwa wasio na wenyewe. Mwili tunaouona ni wake kwa sehemu kubwa. Kompyuta iliitwa imalizie sehemu ya kuzungumza.