Je, Wajua Kwa Nini Bahari Tulivu Huanza Kutiririka Ndani ya Kompyuta?

Chukua bahari isiyo na upepo, isiyojaa wala kupwa, isiyochomwa na jua wala kupokea maji ya mto wowote. Maji yake yamejipanga kwa matabaka yaliyolala sawasawa, ya vuguvugu na mepesi juu, ya baridi na mazito chini. Bahari ya namna hiyo haina sababu ya kusogea hata kidogo. Hata hivyo, ukiiingiza katika programu nyingi zinazotumiwa kukokotoa mikondo ya pwani, kisha ukaweka mlima mmoja kwenye sakafu yake, maji yataanza kuuzunguka mlima huo bila kusukumwa na chochote. Aike Beckmann na Dale Haidvogel walichapisha jaribio la mlima wa aina hii mwaka 1993, na tangu wakati huo limekuwa kama mtihani wa kuingilia kwa kila modeli mpya, yaani programu inayoiga bahari kwa hesabu.

Jambo hili linapingana na dhana iliyoenea kwamba bahari ngumu kukokotoa ni ile ya kilindi, ilhali maji ya rafu ya bara, yaani ile sehemu ya bara iliyozama chini ya maji ya kina kifupi kabla ya mteremko mkali kuanza, yangepaswa kuwa kazi nyepesi. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, na ni haki kuitaja. Mawimbi marefu, likiwamo lile la kujaa na kupwa, husafiri kwa kasi inayotegemea kina: penye mita 4,000 huenda takriban mita 200 kwa sekunde, na penye mita 40 huenda takriban mita 20 tu. Katika mbinu za kawaida za hesabu, kompyuta hairuhusiwi kuruka muda mrefu kiasi kwamba wimbi livuke zaidi ya kisanduku kimoja cha gridi, yaani mtandao wa visanduku ambavyo bahari imegawanywa, kwa hatua moja, sharti ambalo msingi wake uliwekwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928. Maji ya kina kifupi, basi, huiruhusu kompyuta kupiga hatua ndefu zaidi.

Faida hiyo humezwa upesi. Modeli ya dunia nzima yenye gridi ya robo digrii hugawanya bahari katika visanduku vya upana wa kilomita 28 hivi karibu na ikweta, na rafu ya bara mbele ya Mombasa ina upana wa kilomita chache tu. Ina maana kwamba rafu nzima ya Mombasa, kuanzia ufukweni hadi kilindi kinapoanza, huingia ndani ya kisanduku kimoja na nafasi ikabaki. Kaskazini zaidi, kuelekea Ghuba ya Ungwana na Lamu, rafu hupanuka hadi makumi ya kilomita, na huko ndiko Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima, hukutana na Mkondo wa Somalia unaoshuka wakati wa kaskazi. Ukitaka kuona makutano hayo yanavyogusa rafu, ni lazima visanduku vipunguzwe, na kila upana wao unapokatwa nusu, kazi ya kompyuta huongezeka takriban mara nane: visanduku mara nne, hatua za muda mara mbili.

Kutokana na hesabu hiyo huzuka dhana ya pili, iliyo sugu kuliko ya kwanza, kwamba kompyuta yenye nguvu ya kutosha ingelimaliza tatizo. Sisi tulio Nairobi, ambao bahari hutufikia zaidi kama ramani yenye mishale na rangi kwenye skrini, huwa wepesi kuamini kwamba ramani iliyo na visanduku vidogo ndiyo ya kweli zaidi. Kumbe ile bahari tulivu haianzi kutiririka kwa sababu ya uhaba wa nguvu. Chanzo ni umbo la matabaka ambayo modeli imechagua kuyatumia.

Kirk Bryan, katika modeli yake ya bahari ya dunia iliyochapishwa mwaka 1969, alikata maji kwa matabaka yaliyolala kama ubao, hivyo kila mteremko wa sakafu ukageuka ngazi. Alan Blumberg na George Mellor, ambao maelezo ya modeli yao ya Princeton yalichapishwa mwaka 1987, walitumia matabaka yanayopanda na kushuka pamoja na sakafu, mbinu ambayo Norman Phillips alikuwa ameipendekeza mwaka 1957 kwa ajili ya hewa inayopita juu ya milima. Huitwa matabaka ya sigma. Kwa rafu ya bara yanafaa sana, kwa kuwa hata penye maji ya mita 20 matabaka yote yapo, yamebanana tu, wakati matabaka bapa yangebakia mawili au matatu.

Gharama yake ndiyo kiini cha swali letu. Maji husukumwa na tofauti ya shinikizo kati ya sehemu mbili zilizo kwenye usawa mmoja. Tabaka la sigma halikai kwenye usawa mmoja. Tuseme kwamba kati ya kisanduku na jirani yake, kilomita 10 mbele, sakafu inashuka kutoka mita 200 hadi mita 1,200. Ukifuata tabaka la chini kabisa, shinikizo hupanda kwa uzito wa mita 1,000 za maji, na karibu ongezeko lote linatokana na kushuka tu, wala si na nguvu inayosukuma maji kando. Programu hukokotoa tofauti hiyo kubwa, kisha hukokotoa sehemu iliyoletwa na mteremko, halafu hutoa ya pili katika ya kwanza. Masalia ndiyo yanayoendesha mkondo. Katika latitudo ya Mombasa, tofauti ya milimita 5 katika kimo cha bahari kwa umbali huohuo wa kilomita 10 inatosha kuandamana na mkondo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Tunatafuta milimita 5 ndani ya mita 1,000.

Ni sawa na mtu anayetaka kujua uzito wa kuku mmoja, akalipeleka lori kwenye mizani ya Mlolongo likiwa na kuku ndani, akalirudisha bila kuku, kisha akatoa. Lori lina tani 30. Mizani inayokosea kwa kilo 20 ni mizani nzuri sana kwa kazi ya malori, lakini kwa hesabu hii kuku anaweza kutoka na uzito wa mbuzi, au uzito ulio chini ya sifuri. Na hata kama hakukuwa na kuku tangu mwanzo, hesabu itampata kuku. Bahari tulivu yenye mlima ni lori lisilo na kuku. Wataalamu hupunguza balaa kwa kuondoa kwanza densiti (uzito wa maji kwa ujazo wake) ya wastani ya kila kina, jambo linaloligeuza lori kuwa mkokoteni. Ila maji halisi hayafuati wastani huo kila mahali, hasa pale joto linapobadilika ghafla kati ya tabaka la juu na la chini, na masalia ya kosa hubaki hapo.

Pwani yetu ina balaa lake la ziada. Mkondo unaotokana na tofauti fulani ya shinikizo huwa mkubwa zaidi pale ambapo athari ya mzunguko wa dunia ni ndogo, na athari hiyo hufifia kuelekea ikweta. Kwa kipimo hicho, kosa lilelile la shinikizo huzaa mkondo wa uongo mkubwa takriban mara kumi katika latitudo 4 kuliko katika latitudo 45, ingawa mizania hiyo kati ya shinikizo na mzunguko wa dunia yenyewe hulegea kadiri ikweta inavyokaribia.

Dawa ya kawaida ni kulainisha sakafu. Kanuni inayotumiwa sana, nayo ni ya uzoefu kuliko ya nadharia, ni kwamba kisanduku kisiwe na kina kinachozidi mara moja na nusu kile cha jirani yake. Mfano wetu wa mita 200 na 1,200 unaikiuka vibaya sana. Lakini ukingo mkali wa rafu ndio huzuia maji ya kilindi yasipande ovyo, kwa kuwa mikondo mikubwa hupenda kufuata mistari ya kina badala ya kuikata. Ukilainisha mno, umefungua mlango ambao bahari yenyewe imeufunga. Visanduku vidogo navyo husaidia, mpaka vinapoanza kuonyesha magenge ambayo vile vikubwa vilikuwa vimeyaficha.

Ajabu zaidi ni kwamba mkondo wa uongo nao hufuata mistari ya kina, kama mkondo halali. Mwaka 1994 Mellor na wenzake Tal Ezer na Lie-Yauw Oey walionyesha kwamba kosa huweza kufifia lenyewe matabaka ya maji mepesi na mazito yanapojirekebisha. Mwaka 1998 watafiti haohao walieleza kwamba lipo kosa la aina ya pili, linalojitokeza katika hesabu ya pande zote tatu, ambalo halifi. Setilaiti zinazopima kimo cha bahari hazisaidii sana kuamua, kwa maana vipimo vya kawaida huharibika karibu na nchi kavu, na rafu nyembamba kama ya Mombasa iko ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo modeli makini huendeshwa kwanza ikiwa imezimwa upepo, jua na kujaa na kupwa, juu ya sakafu halisi ya eneo husika, na kasi inayozuka hupimwa. Ikiwa bahari iliyopaswa kulala inatiririka kwa sentimita 2 kwa sekunde, basi mkondo wa sentimita 3 utakaoonekana baadaye kwenye ramani ya eneo hilo hauthibitishi mengi.