Mtungi, chungu na uzi wa maji

Kila ninapofundisha habari za madhehebu ya Wayahudi wa zama za Hekalu la Pili, yaani karne za mwisho kabla Warumi hawajalibomoa hekalu la Yerusalemu, wanafunzi huja na jibu tayari: Masadukayo walikana ufufuo, Mafarisayo waliukubali. Ni kweli, Matendo 23:8 inasema hivyo. Lakini ukisikiliza hoja walizotupiana wao wenyewe, utashangaa jinsi walivyogombana juu ya vyombo, maji na tarehe.

Chukua mtungi wa maji safi, uyamimine kwenye chungu kilichonajisika. Maji yangali yanatiririka, vyombo vyote viwili vimeungwa na uzi mmoja wa maji. Je, unajisi unaupanda uzi huo hadi mtungini? Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya kisheria ya marabi, inawaonyesha Masadukayo wakiwalaumu Mafarisayo kwa kusema haupandi. Kisha katika pango la nne la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mahali palipogunduliwa magombo ya kale ya Wayahudi, ikapatikana hati iitwayo 4QMMT, nayo inashikilia kwamba maji yanayomiminwa na yale yanayoyapokea ni kitu kimoja. Yaani watu wa Qumran, ambao wengi wetu tunawahesabu kuwa Waesene, dhehebu jingine la zama hizo, hapa walisimama na Masadukayo! Hilo huwezi kulipata kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliyeyapanga madhehebu haya kwa maoni yao juu ya majaliwa na nafsi, kama shule za falsafa za Wayunani.

Kalenda nayo iliuma zaidi. Qumran walifuata mwaka wa siku 364, majuma 52 kamili, hivyo kila sikukuu iliangukia siku ileile ya juma mwaka hadi mwaka. Yerusalemu waliufuata mwezi wa angani. Ufafanuzi wa watu wa Qumran wa kitabu cha Habakuki unasimulia jinsi adui wao, wanayemwita Kuhani Mwovu, alivyomwandama kiongozi wao, Mwalimu wa Haki, hadi uhamishoni kwake, Siku ya Upatanisho. Kuhani asafiri siku ya mfungo mkuu? Nakubaliana na wanaosema kwamba kwake haikuwa siku ya mfungo. Kalenda zilipishana, na huwezi kuabudu pamoja na mtu anayekula siku unayofunga.

Na Sabato? Katika Mathayo 12:11 Yesu anawauliza Mafarisayo ni nani kati yao ambaye kondoo wake akitumbukia shimoni siku ya Sabato hatamwopoa. Anauliza akijua watakubali. Hati ya Dameski, kitabu cha kanuni za jumuiya kilichosomwa Qumran, inakataza jambo hilohilo waziwazi: mnyama akianguka shimoni, asitolewe siku ya Sabato.