Makaka ya Mayai ya Kupambia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaokuja kwangu hapa Tabora kujifunza kupamba makaka ya mayai hudhani kwamba ugumu wote uko katika kutoboa, na kwamba yai likishatobolewa bila kupasuka, kilichobaki ni kupaka rangi. Ukweli ni kwamba kutoboa ni kazi ya dakika mbili, ilhali kudumu kwa kaka hutegemea yale yanayofanyika baada ya ute na kiini kutoka.

Husemwa kwamba ni lazima yai litobolewe pande zote mbili kisha lipulizwe kwa mdomo. Tundu moja linatosha. Mimi hutoboa upande butu, penye nafasi ya hewa, kwa ncha ya spoku ya baiskeli iliyonolewa, nikiizungusha taratibu bila kukandamiza, halafu huingiza waya mwembamba na kukivuruga kiini. Baada ya hapo hugeuza tundu litazame chini na kusukuma hewa kwa bomba la sindano jipya, na kila hewa inapoingia, ute hutoka ukipita pembeni mwa sindano. Tundu lisipokuwa pana kuliko sindano, ute hukosa njia na kaka linaweza kupasuka mkononi. Kupuliza kwa mdomo sikushauri hata kidogo, kwa sababu juu ya kaka huweza kuwapo bakteria wa salmonela, hata kama yai linaonekana safi. Ute na kiini visimwagwe. Vipikwe siku hiyohiyo mpaka vigande kabisa.

Wapo wanaochagua mayai viza ili wasipoteze chakula. Nia yao ni njema, lakini yai lililooza hujaa gesi, na ncha ikishapenya, uozo huweza kuruka hadi usoni. Zaidi ya hayo, kwa njia niliyoieleza, yai zima halipotezi chakula chochote.

Dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko zote ni ile ya kuloweka makaka kwenye siki ili yatakate. Takriban asilimia 95 ya kaka ni kalsiamu kaboneti, na asidi iliyomo ndani ya siki huiyeyusha. Chovya kaka kwenye siki na ulitazame kwa karibu: viputo vidogo vya kaboni dioksidi huanza kupanda juu yake papo hapo, na viputo hivyo ndivyo kaka lenyewe linavyoisha. Likiachwa humo siku moja au mbili, hubaki utando laini tu. Kwa kuwa kaka la kuku lina unene wa milimita 0.3 hadi 0.4, hata kulowekwa kwa muda mfupi hulipunguzia nguvu, na rangi ya kahawia, ambayo kwa sehemu kubwa imekaa juu juu, huchubuka kwa madoa.

Kinachotakiwa ni maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, yaingizwe kwa bomba lilelile, yatikiswe na kutolewa, tena na tena, mpaka yatoke meupe bila utelezi. Mwaka wangu wa kwanza nilisuuza mara moja tu, nikaridhika. Wiki chache baadaye nilifungua boksi nikakuta sisimizi wamejipanga kuanzia mguu wa meza hadi kwenye matundu, na harufu yake ilinilazimu kutupa makaka yote, hata yale niliyokwisha kuyachora. Anayetaka kuulegeza utando wa ndani anaweza kuingiza jiki iliyochanganywa na maji kwa dakika chache, kisha asuuze vizuri. Ila asiichanganye kamwe na siki, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Kuhusu kukausha, jua kali la Septemba huonekana kuwa msaada mkubwa, lakini mwanga wake hufifisha rangi ya asili ya kaka. Kivuli chenye upepo kinatosha, tundu likitazama chini juu ya misumari iliyopigiliwa kwenye ubao, kwa siku mbili au tatu.

Si kweli pia kwamba makaka yote ni dhaifu sawasawa. Yai la kanga ni dogo, lakini kaka lake ni nene na gumu kuliko la kuku, kwa hiyo anayeanza kuchonga nakshi angefaidika kuanza nalo. La mbuni hufikia milimita 2 hivi, na shanga zilizotengenezwa kwa makaka yake Afrika Mashariki zina umri wa takriban miaka 50,000, jambo linalowajibu wanaoiona sanaa hii kuwa ya kigeni. Hata hivyo, mayai ya ndege wa porini hayaokotwi bila kibali.

Mwisho ni kuziba tundu. Wengi huziba mapema ili vumbi lisiingie, na hivyo hufungia unyevu ndani, ukungu ukaota. Tikisa kaka karibu na sikio, kisha linuse tunduni. Lisipotoa sauti wala harufu, dondoshea tone la nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ambayo hapa kwetu haina shida kupatikana, na ulisawazishe kwa kidole kilicholowa maji kabla halijaganda.